Anish Kapoor: weusi unaomeza mwanga au chuma kinachouakisi?

Mchongaji sanamu Kapoor hulidanganya jicho kwa njia mbili zinazopingana. Katika Descent into Limbo (1992), shimo la kina cha mita 2.5 hivi limepakwa ndani rangi nzito isiyong'aa. Mwanga ukiingia haurudi vya kutosha kuonyesha kuta wala kina, hivyo unaona duara bapa, kana kwamba limechorwa sakafuni. Mwaka 2018, kwenye jumba la sanaa la Serralves mjini Porto, Ureno, mtazamaji mmoja alitumbukia humo. Udhaifu wa shimo hilo ni vumbi: likitua, linashika mwanga, na kiinimacho kimekwisha.

Cloud Gate (2006), sanamu kubwa ya nje mjini Chicago, ni kinyume. Mabamba 168 ya chuma cha pua yalichomelewa, kisha mishono ikasuguliwa hadi ikatoweka. Mmoja tu ungebaki ungekata taswira ya maghorofa papo hapo. Haina rangi yake, huazima ya anga. Ubavu uliobinuka hupunguza majengo. Tumboni palipobonyea, sura za watu huvutika na kujirudia. Watu huishika (nani angejizuia?), kwa hiyo sehemu ya chini hupanguswa kila siku.

Uwanja wa wazi unataka chuma. Ndani ya chumba, shimo linashinda, ila liwekewe mlinzi.