Intaneti ya nyaya Nkuhungu: kasi safi, bili ikague mwenyewe

Nina stesheneri Nkuhungu, hapa Dodoma. Natoa kopi, naprinti, nawajazia watu Ajira Portal na maombi ya mkopo wa HESLB. Bando za simu zilikuwa zinanimaliza, basi tarehe 19 Juni nikavuta intaneti ya nyaya. Jina la kampuni siliweki, maana tuligombana tukamalizana.

Kasi niiseme haraka: nzuri. Vyeti vinapanda kabla mteja hajaitoa NIDA yake kwenye pochi. Umeme ukikatika na kifaa cha intaneti nacho kinazima, tafuta betri.

Kilichonileta hapa ni bili. Kifurushi changu kilikuwa 60,000 kwa mwezi, VAT humo humo, na mwezi wao unaanza tarehe 1. Nilishajiandaa kutoa yote, kama mpangaji anayeingia tarehe 20 na mwenye nyumba anadai kodi ya mwezi mzima. Bili ikaja 24,000. Siku 12 kati ya 30, elfu mbili kila siku. Siku ya kuungwa nayo waliihesabu, na fundi kaondoka saa kumi na moja jioni, lakini haya.

Agosti ndipo tulipokosana. Nilishalipia mwezi wote, na tarehe 11 nikahamia kifurushi cha 90,000. Wakaniletea bili ya nyongeza: 60,968. Nikafunga duka, nikaenda ofisini kwao.

Dada wa kaunta akasema, "Mama, mfumo ndio unaopiga hesabu."

"Mwanangu, mfumo umehesabu ninachochukua. Ninachorudisha mbona haukukiona?"

Nikamwandikia nyuma ya bili ile ile. Siku 21 za kifurushi kipya ni 60,968, sawa. Lakini siku hizo hizo 21 za kifurushi cha zamani nilishazilipia na sizitumii tena: 60,000 gawa kwa 31, mara 21, ni 40,645. Toa. Ninachodaiwa ni 20,323. Akabonyeza kikokotoo mara mbili, akaenda kumwita mhasibu.

Mhasibu akakubali hoja, ila yeye akapata 21,000, kwa sababu kila mwezi anaugawa kwa 30. Tofauti ni shilingi 677. Mtacheka, lakini hiyo 677 ilituchukua muda kuliko ile elfu arobaini! Nikamwambia chagueni moja: ama siku 30 mwaka mzima, ama siku za mwezi wenyewe. Msije mkagawa Agosti kwa 30, halafu Februari kwa 28, kila mara siku iwe ghali upande wangu. Mkataba ukafunguliwa, umeandikwa "siku za mwezi husika". Risiti ya EFD ikatoka ya 20,323, na yule dada akanisindikiza hadi mlangoni.

Kinachonikera bado ni ukurasa wa nne wa mkataba: ukiondoka katikati ya mwezi, hurudishiwi kitu. Anayeingia anahesabiwa siku, anayetoka hahesabiwi. Jirani yangu wa saluni anahama Novemba, alitaka kufunga laini tarehe 8. Nimemwambia andika barua Oktoba, laini ife tarehe 31, hizo siku nane njoo utumie ya kwangu.

Nyota nne.