Kioo changu kilikuwa kizima

Kioo cha gari langu hakikuvunjwa na mwizi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo.

Wiki kadhaa zilizopita kuna mtu alijaribu kufungua Volkswagen yangu usiku, ile ya umbo la kobe, ya mwaka 1970. Alifanya kile wanachofanya siku zote kwa magari haya: aliingiza bisibisi chini ya kile kidirisha cha pembetatu kilicho mbele ya kioo kikubwa cha mlango, akakibinua mpaka kikomeo chake kikakatika. Alipoona mkono haufiki kwenye kitasa akahamia juu, akaivuta fremu ya mlango kwa nje hadi vidole vyangu viwili vikawa vinapita kwenye upenyo. Halafu akaenda zake. Asubuhi nilikuta kikomeo sakafuni na kidirisha kikining'inia kwenye egemeo lake. Kioo chenyewe kizima, hakina hata mkwaruzo, na alama ya kiwanda kwenye kona inasomeka vizuri.

Kwa hiyo kazi niliyopeleka gereji ilikuwa ndogo. Kunyoosha fremu, kufunga kikomeo kipya, kupiga rangi palipochubuka. Kioo msikiguse. Nililisema hilo mara mbili, na nikaliandika kwenye karatasi nikaibandika kwenye usukani.

Haki yao niwape kwanza. Fremu waliinyoosha vizuri. Niliwakuta wakifanya kazi: gogo la mbao limewekwa chini ya mlango, wanavuta kidogo, wanafunga mlango, wanaangalia, wanavuta tena. Ndivyo inavyotakiwa, maana ukiivuta kwa mkupuo mmoja chuma kinakunjika na hakirudi tena. Rangi pia waliipatia. Rangi iliyopigwa jua miaka mingi haifanani tena na ile iliyoandikwa kwenye kopo, lakini wao waliichanganya hadi nikashindwa kuona mpaka uko wapi. Nilikuwa nazunguka gari nikitabasamu, nimeshaamua kuwapa gereji nyota nne kwenye maoni haya.

Ndipo nikafika kwenye kidirisha. Silikoni nyeupe, imepakwa kwa kidole pembeni kote, alama za kidole zinaonekana. Kikomeo hakipo. Ndani yake kioo kidogo kuliko fremu. Mtu anayezijua gari hizi anaelewa papo hapo: Volkswagen walipanua madirisha ya kobe kuanzia modeli ya 1965, na kioo cha kabla ya hapo hakiwezi kuenea kwenye mlango wa baada ya hapo. Wametafuta kioo cha gari la zamani zaidi, kikapwaya, wakaziba pengo kwa silikoni na kukigandisha kidirisha kizima. Hakifunguki tena. Na hicho ndicho kinachoniletea upepo, gari hili halina kiyoyozi.

Nikamwita msimamizi.

"Kaka, kioo changu kiko wapi?"

"Si hicho hapo."

"Hiki si changu. Changu kilikuwa kizima."

"Mama, kioo ni kioo." Akafuta mikono, akaangalia nyuma yangu kama anatafuta mtu. "Mzee anakuja saa ngapi? Nitamweleza yeye."

"Mzee yupi?"

"Mwenye gari."

Mlango ule nimeufungua kwa mikono yangu mwenyewe, ndugu zangu. Mashine ya kioo nimeitoa, nimeiosha, nimeipaka grisi, nimeirudisha. Raba zote nimebadilisha mimi. Nikamwambia mwenye gari ndiye huyu unayeongea naye. Hakuomba radhi. Akaanza kunieleza kwamba spea za gari hizi hazipatikani, gari zimekufa siku nyingi. Gari iliyoundwa zaidi ya milioni 21! Ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Vikomeo vya kidirisha vinatengenezwa vipya hadi leo, na kimoja kilikuwa kwenye mkoba wangu, nimekinunua mimi.

Ningeishia hapo ningewapa nyota mbili. Lakini nikiwa nawasha gari, kijana mmoja anayejifunza kazi pale alinifuata.

"Shikamoo mama. Samahani. Kioo chako kilipasukia mezani. Walikuwa wanang'oa pini ya kikomeo kwa nyundo."

Pini ile haigongwi. Inatobolewa kwa drili ndogo, taratibu, fremu imeshikwa vizuri. Kioo cha pembeni kimepashwa joto kali kiwandani kisha kikapozwa ghafla ili kiwe kigumu. Ukikipiga katikati ya ubapa kinaweza kustahimili, ukingo wake ukigongwa na chuma kinaweza kusambaratika chote mara moja. Kijana ndiye aliyefagia. Alinifungulia kiganja, mna punje moja ya kioo, ndogo kama ya mahindi, ina herufi mbili za ile alama ya kiwanda. Aliitunza kwa sababu alijua nitauliza. Nimeiweka kwenye droo ya gari.

Sasa nisikilizwe vizuri. Kioo cha zaidi ya miaka 50 kinaweza kupasuka hata mikononi mwa fundi hodari, na wangenipigia simu ningesikitika tu na ningerudi kwao kesho yake. Kupasuka si kosa kubwa. Kosa ni kupasua, kunyamaza, kuziba kwa silikoni, halafu kumtafuta mwanaume wa kumdanganya kwa niaba yangu. Kama mna gari la zamani, dai kila kipande kilichotolewa kirudishwe kwenye boksi, hata kilichovunjika, na piga picha kabla hujakabidhi ufunguo.

Nikawa nimebaki na nyota moja, kwa ajili ya rangi. Juzi ikanyesha mvua. Nilipofungua mlango nikasikia maji yakicheza ndani yake, chwaa, chwaa, kama ndoo. Maji kuingia mlangoni ni kawaida, yanateremka na kioo na kutokea kwenye matundu ya chini. Nikapiga magoti nikatafuta matundu. Yamezibwa kwa pati, yamelainishwa kwa msasa, yamepakwa ile rangi nzuri niliyoisifu. Mlango ungeoza kutoka ndani na mimi nikiusifia kwa nje.

Nyota hiyo moja naiondoa. Nilichukua waya nikatoboa tundu la kwanza, na maji ya rangi ya kutu yakanimwagikia mguuni.