Malazi ya Bei Nafuu Karibu na Ngome ya Thimlich Ohinga: Mji Upi Uuchague Kwanza

Anayepanga kwenda Thimlich Ohinga kutoka Kisumu au Nakuru hana budi kufikiria mahali pa kulala kabla ya jambo lingine, kwa sababu ngome hiyo haiko mjini. Iko kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, kati ya mashamba na vichaka, na msafiri anayetegemea matatu hawezi kuizunguka kwa utulivu kisha arudi Kisumu siku hiyo hiyo bila kukimbizana na giza. Utulivu huo unahitajika. Kuta zake, zinazodhaniwa kujengwa katika karne ya 16, zimepangwa kwa mawe matupu bila udongo wala saruji, zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wake ni wastani wa mita moja. Ukiinama kupita katika lango lake la chini, unaelewa mara moja kwamba adui naye alilazimika kuingia kichwa kikitangulia. UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, na bado hoteli kubwa hazijasogea karibu nayo.

Kosa ninaloliona kwa wageni wengi ni kulinganisha bei za vyumba peke yake. Chumba kipimwe pamoja na nauli ya kutoka hapo hadi ngomeni na kurudi. Tuseme gesti moja inatoza shilingi 700 lakini pikipiki kutoka hapo ni shilingi 1,500, na nyingine inatoza 1,200 mahali ambapo wasafiri wanne wanaweza kukodi gari pamoja na kila mmoja akatoa 600. Chumba kilichoonekana ghali ndicho kilichokuokolea shilingi 400. Kwa kipimo hicho nimeipanga miji ifuatavyo.

Nafasi ya kwanza naipa Migori mjini. Mji huu uko kwenye barabara kuu ya kwenda mpakani Isebania, kwa hiyo matatu za kutoka Kisumu na Kisii hazikosekani, na nyumba za wageni ni nyingi kiasi kwamba ukiona bei haikupendezi unavuka tu barabara na kuuliza kwingine. Wingi huo ndio unaompa mnunuzi nguvu ya kupatana bei, hasa akilala usiku zaidi ya mmoja. Barabara hiyo hiyo ina adhabu yake. Mara ya kwanza nilipolala Migori nilichukua chumba cha bei ya chini kabisa, dirisha likitazama barabarani na baa ikiwa chini yake; malori yalipita hadi alfajiri, na chandarua kilikuwa na tundu la kuingiza ngumi, nikalifunga kwa kamba ya kiatu. Siku hizi naomba chumba cha nyuma, ghorofa ya juu, na sijawahi kujuta kuongeza shilingi mia mbili au tatu kwa ajili hiyo.

Homa Bay naiweka ya pili, ila kwa mwenye gari lake na siku mbili mkononi inapanda hadi ya kwanza. Kutoka huko unapita Rodi Kopany na Ndhiwa, na safari hiyo unaweza kuiunganisha na Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita 120 za mraba, ambako wanaishi korongo wa mwisho wa Kenya, yaani swala wakubwa waitwao roan kwa Kiingereza, si ndege. Vyumba vinavyotazama ziwa hutozwa zaidi kwa sababu ya mandhari. Anayetafuta unafuu alale upande wa sokoni na stendi, ziwa atalifuata jioni kwa miguu.

Ndhiwa ni ya tatu. Nauli ya kufika ngomeni ni ndogo kuliko ya kutoka Homa Bay, na watu wake ni wakarimu, lakini vyumba ni vichache na ukikuta vimejaa huna pa kukimbilia. Usiende bila kupiga simu mchana wa siku hiyo. Rongo, iliyo kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Migori, inamfaa tu aliyechelewa njiani. Kisumu, ambayo iko umbali wa karibu kilomita 180, ni ya mwisho: vyumba vizuri vipo, lakini siku nzima huishia barabarani.

Siku ya kufika nayo hubadilisha bei kuliko watu wanavyodhani. Katika eneo hili mazishi hufanywa zaidi mwishoni mwa wiki, na ndugu wanaotoka Nairobi na kwingineko hujaza gesti kuanzia Ijumaa, hasa Agosti na Desemba. Ukifika Jumapili jioni utakuta vyumba vimeachwa wazi na mwenye nyumba yuko tayari kuzungumza. Miezi ya mvua za masika, Machi hadi Mei, vyumba si shida, lakini njia za udongo huteleza na waendesha pikipiki huongeza bei kwa haki.

Kabla ya kulipa, ingia chumbani. Fungulia bomba uone kama maji yanatoka kweli au ni ndoo utakayoletewa; ndoo si aibu, mradi bei ishuke. Kitandaze chandarua chote dhidi ya mwanga, kwa kuwa malaria katika ukanda huu wa ziwa haina likizo. Jaribu kitasa kwa ndani. Uliza kama chai ya asubuhi imo katika bei na huanza saa ngapi, maana anayekwenda ngomeni anapaswa kuondoka saa kumi na mbili na nusu, na chai ya saa mbili haimsaidii hata ikiwa ya bure. Ulipe kwa M-Pesa ili ubaki na ujumbe wa malipo.

Usafiri wa asubuhi upange usiku uliotangulia, kupitia mhudumu wa gesti, kwa kuwa yeye huwajua madereva waaminifu wa stendi yake. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, kisha utoe pesa ya mafuta tu wakati wa kuondoka. Zilizobaki mpe ukisharudi mlangoni pa gesti.