Somo la mradi lililonipeleka kwenye mwani wa Mlingotini: uzoefu wangu

Nimemaliza mwaka wa tatu wa shahada ya biashara Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa kuliko yote na wadogo zangu wa mwaka wa pili ni kuhusu lile somo la mradi wa jamii na waajiri, ambamo kundi la wanafunzi linashughulikia tatizo la kikundi cha jamii au la kampuni. Nilichukue au nibaki na masomo yenye mtihani? Najibu hapa mara moja, maana WhatsApp nimechoka kurudia.

Kwanza msilichanganye na fildi. Fildi unakwenda likizo ndefu, unakaa kwenye ofisi ya watu, unajaza daftari, msimamizi anapita siku moja, imeisha. Hili limo ndani ya muhula, lina krediti 12, na kwa hesabu ya vyuo vyetu krediti moja ni saa 10 za kusoma. UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, halina. Ripoti ina alama 50, kuwasilisha 20, daftari 10, na 20 zilizobaki anazishika mwenye tatizo, yaani yule mnayemfanyia kazi. Hizo 20 ndizo zilizonivuta. Nilidhani ni za bure.

Kundi letu la watu watano tulipangiwa kikundi cha akina mama wakulima wa mwani Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo. Tulikwenda na jibu letu mfukoni: programu ya simu ya kurekodi mauzo. Mpaka nembo tulishachora. Mwenyekiti wa kikundi akatusikiliza hadi mwisho, akatumiminia chai, akasema, "Wanangu, tulichouza tunakijua. Tusichojua ni kwa nini kilo zinapungua." Nembo ikafia hapo.

Kwa asiyewahi kuona: mwani unafungwa vitawi vitawi kwenye kamba zilizowambwa kati ya vigingi, bahari ikipwa mnaingia kuufunga na kuupalilia, na baada ya siku 45 hivi unavunwa na kuanikwa. Pale wengi walikuwa wanaanika juu ya mchanga. Mnunuzi akija anakung'uta, anaminya kiganjani kuona kama umekauka, kisha anakata kilo kwa macho. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Basi tukachukua mavuno ya siku moja, tukapima mafungu mawili ya kilo 10 mbichi. Moja tukalimwaga mchangani kama kawaida, la pili tukalianika kwenye chanja ya fito na nyavu kuukuu walizotupa wavuvi. La chanja siku ya tatu asubuhi lilikuwa linavunjika mkononi, likapima kilo 1.25. La mchangani bado lilikuwa linanata, likapima kilo 1.7. Tukalikung'utia kwenye beseni, na mchanga tukaupima peke yake: gramu 300. Kilichozidi hapo ni maji. Mama mmoja akaubeba ule mfuko wa mchanga, akaupimapima mkononi, akacheka. "Kumbe hiki ndicho tunachogombana na tajiri kila mwezi!" Sijawahi kuelewa somo la udhibiti wa ubora kama siku ile, na nililifaulu kwa B+ mwaka wa pili bila kugusa kitu.

Sasa kero, na zipo. Ratiba ya chuo ilitupa Alhamisi. Bahari haijui Alhamisi. Mwani unafanyiwa kazi wakati wa bamvu, maji yanapokupwa mbali. Maji yakiwa mafu hakuna wa kumkuta shambani. Katika safari zetu nne za mwanzo, mbili tuliangukia maji mafu, tukaishia kukaa barazani tukipiga soga. Coaster kutoka Makumbusho mpaka Bagamoyo, kisha bodaboda, na yote kwenye bumu letu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, maana fungu la nauli halikuwepo. Mwishowe tukamwomba mhadhiri tufuate mwezi wa angani, ndio unaoleta bamvu, badala ya ratiba. Akakubali, kwa sharti tufidie vipindi vya wengine tutakavyokosa.

Upande wa waajiri sikuwepo, lakini wenzetu waliopangiwa kampuni moja mjini walitumia muhula mzima kuingiza risiti za zamani kwenye kompyuta. Ule ni ukarani usio na mshahara, na kuuita mradi ni kuupamba. Kabla hujasaini, uliza swali la mradi ni lipi na nani aliyeliuliza. Wakikwambia "mtapangiwa mkifika", hama kundi.

Halafu zile alama 20. Fomu ya kutupima ililetwa kwa Kiingereza, kwa watu wanaosoma Kiswahili vizuri tu. Tukaitafsiri sisi wenyewe, jambo ambalo ni kama mtuhumiwa kuandika hukumu yake. Mwenyekiti akashika kalamu, akanitazama. "Nikiweka ndogo hapa, mwanangu, utaangushwa?" Nikamwambia aandike anavyoona. Akatupa 14. Alikata kwa sababu ya zile siku mbili za maji mafu, akaiandika sababu: "Walikuja bila kuuliza." Ripoti ilipata A. Ninayoikumbuka ni ile 14.

Nyota natoa tatu na nusu kati ya tano. Moja nzima imekatwa kwa sababu muhula ulipokwisha, chuo kilifunga faili. Waliofuata walipelekwa kwingine, na chanja yetu ilikuwa moja tu, haitoshi hata familia tatu. Akina mama wameongeza mbili kwa fedha yao.

Daftari la vipimo lilibaki kwa katibu. Mwezi uliopita nilimpigia kumjulia hali, akaniambia kurasa zimekwisha zamani, sasa anaandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Akauliza kama nikija Bagamoyo naweza kumletea kaunta buku, kubwa kidogo, yenye mistari.