Wapi pa Kula Berkeley kwa Mfuko wa Mwanafunzi

Mgeni anayefika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa mara ya kwanza huelekezwa na kila amuulizaye kwenye barabara ya Telegraph, inayoanzia mbele ya uwanja wa Sproul, na akifika huko hukuta migahawa imebanana hata huishia kuingia ule wenye bango kubwa kuliko mengine. Mimi nami nilifanya hivyo, na mlo wangu wa kwanza, katika mgahawa nisiokuwa na haja ya kuutaja, ulikuwa sahani ya tambi zilizolowa kutoka kwenye menyu ya kurasa nane. Tangu siku hiyo sizipi menyu ndefu imani yangu. Mahali ninapopapendekeza hapa panapika vitu vichache, na mahali pamoja hupikwa kitu kimoja tu kwa siku.

Hapo ni Cheese Board Collective, kwenye barabara ya Shattuck, mwendo wa kama robo saa kwa miguu ukitokea upande wa kaskazini wa kampasi. Kila siku wanayofungua huokwa pizza ya aina moja, isiyo na nyama kabisa, na ratiba ya wiki hutangazwa mapema ili mtu ajue kama ya Alhamisi itakuwa na uyoga au nyanya. Asiyeipenda ya siku hiyo hana la kufanya ila kurudi kesho. Nilipoelezwa utaratibu huu nilidhani ni maringo ya wapishi, lakini nikiwa kwenye foleni nilielewa faida yake: kwa kuwa hakuna anayesimama kaunta akijishauri, watu arobaini walio mbele yako huhudumiwa kwa muda ambao kwingine wangehudumiwa kumi, na pizza unayopewa imetoka tanuri sasa hivi, wala haikuchomwa asubuhi ikapashwa moto mchana.

Mkate wake una ule uchachu mwembamba wa unga uliochachuliwa polepole, ukingo wake unakauka bila kuwa mgumu, na jibini haimwagwi kwa fujo. Kando huwekwa mchuzi wa kijani wenye giligilani, kitunguu saumu na pilipili, ambao kwangu mimi ndio unaokamilisha mlo, na anayeupuuza kwa kuogopa ukali anajinyima. Wana desturi pia ya kukuongezea kijipande chembamba juu ya ulichonunua, na yeyote aliyewahi kununua kitu sokoni akapewa nyongeza anaijua furaha hiyo. Ndani mara nyingi kuna wanamuziki wanaopiga jazi. Viti ni vichache, kwa hiyo wengi hula wakiwa wameketi nje, na kwa miaka mingi watu wamekuwa wakijitandaza kwenye nyasi za katikati ya barabara licha ya kibao kinachowakataza.

Historia yake inastahili kutajwa kwa sababu inaonekana katika huduma. Lilianza kama duka dogo la jibini mwaka 1967, likimilikiwa na mtu na mkewe, nao mwaka 1971 wakawauzia wafanyakazi wao, likawa ushirika ambao wanachama wake hulipwa ujira ulio sawa. Hakuna bosi wa kuitwa. Ukiuliza swali kuhusu jibini katika duka la jirani, ambalo nalo ni la ushirika huohuo, anayekujibu ni mmoja wa wenye mali, na atakukatia kipande uonje kabla hujatoa hata senti. Mwaka huohuo wa 1971 ndipo Chez Panisse, mgahawa wa kifahari uliojulikana duniani kote, ulipofunguliwa, na leo umetazamana nalo ng'ambo ya barabara, hivyo mwanafunzi mwenye kipande chake cha pizza anaweza kuwatazama matajiri wakiingia kwenye chakula walichokiwekea nafasi mapema. Sioni kama wanamzidi sana.

Ukirudi kusini mwa chuo, Top Dog kwenye barabara ya Durant ni habari nyingine kabisa. Ni kibanda cha soseji za kuchoma kilichoanza mwaka 1966, chembamba kiasi kwamba wateja kumi tayari ni msongamano, na kuta zake zimejaa makala na maandishi ya siasa ya kuipinga serikali kuingilia maisha ya watu, ambayo unaweza kuyasoma huku soseji yako ikigeuzwa. Zipo za ng'ombe, za nguruwe, za kuku na hata zisizo na nyama, kwa hiyo asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza, kwani majina mengi ni ya Kijerumani na Kiitaliano na hayamwambii mgeni chochote. Mkate hupashwa moto, haradali unajipakia mwenyewe, na unakula ukiwa umesimama. Singempeleka mtu pale kwa chakula cha mchana, ila usiku wa manane baada ya maktaba sijaona kinachoishinda.

Kahawa ya Free Speech Movement Café, ndani ya jengo la maktaba ya Moffitt, ni ya kawaida tu. Wa kwenda pale aende kwa ajili ya picha za ukutani za vuguvugu la wanafunzi la mwaka 1964 la kudai uhuru wa kusema.

Mgahawa wa Vik's Chaat uko mbali na chuo, magharibi mwa mji karibu na ufuo wa ghuba, lakini basi la 51B litakusogeza, na mtu aliyekulia kwenye sambusa na bhajia atajihisi amefika nyumbani kwa jamaa. Ulianza mwaka 1989 kama sehemu ya kuuza vitafunio vya Kihindi ndani ya ghala, na hata sasa ukumbi wake ni mpana na mtupu kama ghala, unaagiza kaunta, kisha unasubiri kuitwa. Agiza bhatura, mkate uliofura mithili ya mpira na kuletwa na dengu za kukolea viungo, ambao watu wawili wanaweza kugawana. Uende na mwenzako, na mle mkate ukiwa bado umefura.

Bei zinazoandikwa ubaoni katika migahawa ya hapa kwa kawaida hazijajumuisha kodi ya mauzo, ambayo huongezwa wakati wa kulipa, na mashine ya kadi mara nyingi itakuuliza kuhusu bakshishi hata pale ambapo umejibebea sahani mwenyewe. Kwenye kaunta si lazima, ingawa mimi huacha kidogo.