Vikombe, jezi au foronya: kipi ununue kwanza kwa kazi ya sablimesheni

Ukizunguka Kariakoo kutafuta vikombe vyeupe vya kuchapa picha, utaoneshwa vikombe vinavyofanana kabisa kwa bei tofauti kila duka. Tofauti yao haionekani kwa macho. Wino wa sablimesheni, yaani uchapaji wa kuhamisha picha kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kitu kwa joto, ukipata joto la nyuzi 180 hadi 200 hugeuka mvuke na kuzama ndani ya poliesta. Kitu kisicho na poliesta haukishiki. Kikombe cha udongo hakina poliesta, ndiyo maana kiwandani hupakwa utando mwembamba wa poliesta usioonekana, na utando huo ndio hasa unaoununua. Kikombe cha chai cha dukani, kiwe cheupe namna gani, hakina utando, na picha yake itatoka na sifongo.

Jambo la pili ni rangi. Printa hizi hazina wino mweupe, na wino wenyewe unapenyeza mwanga. Basi nunua vitu vyeupe, au vya rangi hafifu sana. Orodha hii ni ya mtu mwenye printa moja, mashine moja ya joto na mtaji wa kuhesabu.

1. Vikombe vyeupe vya wakia 11

Ndivyo vya kuanzia, sina shaka. Mahafali, sendofu, siku ya kuzaliwa, zawadi za ofisi: oda haziishi, na mteja hakuulizi saizi. Mara nyingi huja katoni ya vikombe 36. Hapo ndipo wengi hudanganywa na bei ya chini. Tuseme unauziwa kimoja shilingi 3,000. Katoni ni 108,000. Sita vikitoka na mabaka, vilivyobaki 30 vimekugharimu 3,600 kila kimoja. Jirani yake anauza 3,400, kinaharibika kimoja tu katika katoni nzima: chako kimekugharimu kama 3,500. Huyo wa pili ndiye wa bei nafuu.

Kwa hiyo usinunue katoni kabla ya kununua kimoja. Kilaze juu ya meza ya kioo ukibingirishe: kikiyumba, au mwanga ukipita katikati, ubavu wake haujanyooka, na mkanda wa joto wa mashine hautakibana sawasawa. Picha itapauka karibu na mdomo. Kisha kichape kwa nyuzi 180 hadi 190, dakika tatu hivi, picha yenye weusi mwingi. Weusi ukitoka wa kahawia, rekebisha muda au joto kidogo kabla ya kumlaumu muuzaji, maana kipimajoto cha mashine za bei ya chini husema chake. Kikipoa, kiloweke usiku kucha, ukisugue kwa sifongo na sabuni. Alama ya ubora ya AAA kwenye boksi usiipe uzito. Ni neno la muuzaji. Na mteja mwambie mapema kwamba chuma cha kusugulia sufuria hakiguswi hapo, kwani hukwangua utando pamoja na picha.

2. Jezi nyeupe na fulana za poliesta

Watu wengi hukimbilia fulana za pamba kwa sababu zimezoeleka, kumbe jezi nyeupe ya mazoezi ni poliesta tayari na inapatikana kila mahali palipo na duka la michezo. Chagua kitambaa kilichoshonana. Chenye matundu huacha vidoti vyeupe ndani ya sura ya mtu. Epuka jezi nyeupe yenye kola nyekundu au mistari ya rangi kali, kwa sababu joto linaweza kuihamisha rangi hiyo hadi kwenye weupe.

Fulana za poliesta zenye mguso wa pamba hupendwa zaidi kwa sare za familia. Uliza uzito: gramu 180 kwa mita mraba zinatosha, 130 utaona hadi ngozi. Lebo ya shingoni usiiamini peke yake. Chomoa uzi wa kitambaa chenyewe, si wa kushonea, uuchome: poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi, pamba huwaka na kuacha jivu laini. Kitambaa mchanganyiko, poliesta 65 na pamba 35, kitachapika, ila picha hupauka baada ya kufuliwa, kwani wino ulio juu ya pamba hauna pa kushika. Kuna wanaouza hivyo kwa makusudi kwa jina la mtindo wa zamani. Mimi ningemwambia mteja kwanza.

3. Foronya za mito ya kochi

Kitu kisichosifiwa inavyostahili. Nyepesi kusafirisha, haivunjiki, haina saizi nyingi. Picha ya bibi na babu kwenye foronya huuzika kwa bei nzuri kuliko kikombe. Kagua zipu tu: iwe ya plastiki na ikae pembeni, isije ikanyanyua bamba la mashine na kuacha mstari uliopauka.

4. Vishikio vya funguo na pedi za mausi

Vya bei ndogo, faida ndogo, lakini husaidia kujaza oda ya harusi ya watu 200. Vya mbao ya kubanwa hufunikwa na karatasi ya plastiki; usipoibandua kabla ya kuchapa, picha haishiki. Hakikisha wateja wako hawapokei kimoja kikiwa nayo bado.

5. Chupa za chuma na vikombe vinavyobadilika rangi

Vizuri, vya kupendeza, na vya kusubiri. Chupa huhitaji mashine yake au oveni, na moja ikiharibika imekula faida ya kadhaa. Vikombe vyeusi vinavyofunguka picha kwa maji ya moto vinunue kwa oda iliyolipwa tayari.

Fulana nyeusi za pamba, khanga za pamba, vikoi: usinunue kwa kazi hii hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Mteja akizitaka, mpeleke kwa mwenye mashine ya DTF, inayochapa picha kwenye filamu ya plastiki kisha kuibandika kwenye kitambaa kwa joto, mgawane faida.