Kibanio cha ng'ombe: kipi ununue, kipi ukiache hukohuko kwa fundi

Kibanio ni kile kizimba chembamba cha kumsimamishia ng'ombe atulie wakati wa chanjo au matibabu. Kabla hujaenda kwa fundi wa kuchomelea, pita kwanza bandani na tepu. Pima ng'ombe wako mkubwa kuliko wote, upana wa nyonga halafu urefu toka puani mpaka shina la mkia, andika kwenye karatasi. Namba hizo mbili ndo zinaamua hela yako iende wapi, siyo picha ulizotumiwa kwenye simu.

Mimi sikupima. Nilipita barabarani nikaona kibanio kimesimama nje ya karakana, kimepigwa rangi ya bluu kinang'aa, nikakipenda kama mtu anavyopenda kochi, nikapatana bei nikakipakia kwenye kirikuu. Kilikuwa cha skweya paipu nyembamba na upana wa ndani ulikuwa sentimita 90, mimi nikaona ni uzuri huo, ng'ombe atakaa kwa nafasi. Siku ya chanjo ng'ombe wawili wa kwanza wakapita vizuri tu, wa tatu alikuwa mtamba (jike ambalo halijazaa) mwembamba, akaingia akageukia humohumo ndani, sasa kichwa kipo kule ulikotakiwa mkia na dokta ameshashika sindano, tunatazamana sote watatu. Wakati tunabishana tumtoeje dume lililokuwa nyuma likasukuma. Komeo la geti, ambalo baadaye nilikuja kuliangalia vizuri nikakuta ni lile komeo la mlango wa choo, likakunjika kama kijiko. Hakuumia mtu, ila dokta alifunga begi akaniambia nitampigia siku nikiwa na kibanio, yaani kile hakukihesabu.

Kwa hiyo niseme mapema, ukinunua kibanio unanunua vitu vitatu: upana sahihi, geti la kichwa (lile la mbele linalobana shingo), na makomeo. Rangi na ung'aaji ni mapambo. Na ukitaka kujua kipi namba moja kwangu, siyo cha chuma kitupu wala cha kutoka nje.

Namba moja ni cha nguzo za miti chenye geti la kichwa la chuma. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe kama 5 mpaka 50 hakuna kinachokishinda kwa hela. Unajenga njia ya kuingilia na kibanio kwa pamoja, tuseme mita 6 zote, nguzo kila baada ya mita 1.2, maana yake nguzo 6 kila upande, jumla 12. Kila nguzo iwe na mita 2.4 kwa sababu sentimita 75 zinaingia ardhini na zinabaki kama mita 1.6 juu, ukifupisha hapo ng'ombe wa kienyeji atakuonyesha kwamba anaweza kuruka. Fito za kulala ni 5 kila upande, na hapa ndo mafundi wengi wa mbao wanakosea, wanazipigilia nje ya nguzo kwa sababu ni rahisi. Zipigwe NDANI. Ng'ombe akisukuma toka ndani anakuwa anazikandamiza kwenye nguzo, zikiwa nje anakuwa anang'oa misumari, na msumari haujawahi kumshinda ng'ombe. Kama unaweza weka bolti na nati kabisa, angalau kwenye zile nguzo za kibanio chenyewe.

Mti, ukipata nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani, zile kama za umeme ila nyembamba, chukua hizo, mchwa haziwezi. Ukikosa utapaka oili chafu kama tunavyofanya wote, lakini paka ile sehemu inayofukiwa tu. Ng'ombe analamba kila kitu na oili chafu ya gari ina madini yanayoua, kwa hiyo usije ukaipaka fito nzima ukadhani umejenga kumbe umeweka sumu.

Chini, kuanzia ardhini mpaka usawa wa tumbo, ziba na mabanzi. Yanauzwa kwa bei ya kutupa kwenye viwanda vya kupasua mbao na yanafanya kazi mbili, miguu haipenyi kwenye fito ikavunjika, na ng'ombe haoni watu wanaozungukazunguka pembeni kwa hiyo anatulia. Usizibe kwa bati. Bati linapiga kelele, lina makali, na ng'ombe akilipiga teke mara moja wote walioko nyuma wanarudi kinyumenyume.

Namba mbili ni cha mabomba, kilichotengenezwa na fundi wako wa karibu kwa vipimo VYAKO. Kinadumu kuliko cha miti ukikipaka rangi ya kuzuia kutu na kikiwa sehemu isiyotuama mkojo. Ila hapa ndo kwenye kupigwa, maana wengi wetu tunauziwa kwa macho. Hesabu iko hivi, kibanio cha mita 2.4 chenye fito 5 kila upande kinakula mabomba 5 ya mita 6 (kila bomba linatoa fito mbili), nguzo 6 za mita 2.2 zinakula mabomba 3, na geti la kichwa mpe mawili. Jumla 10. Vipande vinavyobaki vinatosha vya kufungia juu na geti dogo la nyuma. Fundi akikutajia 18 muulize mengine anajengea nini, akikutajia 6 pia muulize, maana anataka kukupa fito tatu na hizo mtamba anapita katikati. Bomba liwe la maji la inchi 2, klasi B, ukuta wake ni kama mm 3.6. Klasi A ni kama 2.9, kwa ng'ombe wa kienyeji linavumilia. Skweya paipu ya mm 1.2 ni ya kibanda cha chipsi. Simenti mifuko 3 inatosha kwa mashimo ya nguzo, ya sentimita 60 kwenda chini.

Namba tatu, cha kuhamishika, vile vya paneli unavyounganisha kwa pini. Nimekiweka tatu siyo kwamba ni kibaya, ni kwamba watu wananunua bila kuwa na sababu ya kuhama. Kama ng'ombe wako wako sehemu mbili, au eneo ni la kukodi, au wewe mwenyewe ndo mtaalamu unayezunguka kwa wafugaji, au mko kikundi mnapokezana, basi kwako hiki ni namba moja na achana na mimi. Lakini kikisimama peke yake juu ya udongo bila kupigiliwa nondo za mm 16 pembeni, ng'ombe wa kilo 350 anatembea nacho. Siyo utani, anatembea nacho amekivaa.

Namba nne, vile vya kutoka nje, Australia, New Zealand, Afrika Kusini, vyenye mbavu za kubana pande zote mbili na mizani chini. Ni vizuri sana na kama una eneo la saizi ya ranchi za Kongwa au Ruvu unapitisha mamia ya ng'ombe kwa siku basi hela yako inarudi. Kwa sisi wengine shida ni mbili, vingi vimepimwa kwa ng'ombe wa kilo 500 mpaka 700 kwa hiyo zebu wetu anacheza humo ndani kama mtoto aliyevaa koti la baba yake, na springi ikikatika utaisubiri bandarini. Mzani ndo kitu pekee ninachokionea wivu, kwa sababu anayejua kilo za ng'ombe wake haongei na dalali mnadani kama sisi tunaokisia kwa jicho.

Mwenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, usinunue kibanio. Chukua tu geti la kichwa la mbao au chuma lifunge palepale mbele ya kihori, akiingiza kichwa kula unafunga, weka na mti wa kupita nyuma ya mapaja. Mpandishaji wa mbegu akija anafanya kazi yake vizuri kabisa. Kuna wanaosema wapeleke kile cha kijiji pale joshoni, sawa, kama kipo karibu, ila kumbuka pale wanapita wa kila mtu na magonjwa ya kila mtu.

Sasa geti la kichwa, hapa naomba utulie kidogo kwa sababu ndo moyo wenyewe. Yapo ya aina mbili. La kwanza nondo mbili zimenyooka, zinafunga shingo kama mkasi au kwa kusogea pembeni. La pili zimepinda kufuata shingo. Lililopinda linashika kichwa zaidi, hakipandi wala hakishuki, zuri kwa kuweka hereni ya utambuzi sikioni au kukata pembe, lakini ng'ombe akipiga magoti akiwa humo anakabwa koo na anaweza kufa mkiwa mmesimama mnamtazama. Lililonyooka akilala shingo inashuka naye, anapumua. Mimi nachukua lililonyooka, na kichwa nakimalizia kwa kamba. Lolote utakalochukua lazima lifunguke haraka hata ng'ombe akiwa analivuta kwa uzito wake wote, na usimwache mnyama amefungwa kichwa ukaenda kunywa chai.

Wafugaji wa Kagera na wote wenye Ankole, mwambieni fundi kabisa kwamba ng'ombe ana pembe, geti lifunguke lote wazi kama mlango wa nyumba, na sehemu ya mbele ya kibanio fito za juu ziishie nyuma kidogo ya kichwa. Nimeona Ankole amenasa pembe kwenye fito na kumtoa ilibidi ikatwe fito, afadhali fito.

Upana: ng'ombe wa kienyeji sentimita 60 mpaka 65, Borani na chotara 70, Friziani mkubwa mpaka 75. Ukiwa nao mchanganyiko jenga kwa mkubwa halafu tundika banzi nene upande mmoja siku ya wadogo. Ndama usiwapitishe humo, watageuka tu.

Nyuma kuna vitu viwili ambavyo mafundi husahau na dokta ndo anaumia. Kimoja ni mtaimbo au mti unaopita nyuma ya mapaja, juu kidogo ya goti la nyuma, ng'ombe wa nyuma asije akamkanyaga mtaalamu. Kingine ni kigeti cha pembeni kule nyuma ili mpandishaji au anayepima mimba aingie na kutoka bila kuruka fito. Na mtaimbo uupitishe ukiwa umesimama pembeni, mkono usiwe katikati ya mti na nguzo hata sekunde moja, maana ng'ombe akirudi nyuma ghafla mfupa wa mkono ni kama njiti. Upande mmoja wa kibanio uweze kufunguka, siku akianguka humo ndani utanishukuru.

Tangu ile kampeni ya taifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ianze mwaka 2025 kazi ya kibanio imeongezeka, na hereni huwezi kuiweka sikioni kwa ng'ombe uliyemfunga mguu kwenye mwembe, atachana sikio na hereni utaitafuta kwenye majani.

Kuhusu kukiweka, watu wanatumia hela zote kwenye chuma halafu wanakisimamisha katikati ya uwanja kama sanamu. Ng'ombe haingii kwenye kitu cha hivyo. Inatakiwa njia nyembamba ya angalau ng'ombe watatu nyuma yake, na nyuma ya njia uzio wa kama mdomo wa faneli, upande mmoja umenyooka na njia, mwingine umefunguka kwa nyuzi kama 30. Geti la mbele litazame kwenye mwanga na ikiwezekana upande ng'ombe wanakolala, wanapenda kuelekea nyumbani, siyo kwenye giza wala jua la usoni. Yule mama wa Marekani, Temple Grandin, profesa wa Colorado State University, jina lake limekua kwa kuingia mwenyewe ndani ya njia za ng'ombe kuangalia wao wanaona nini, na anachokuta ni vitu vya ajabu, koti limetundikwa kwenye fito, mnyororo unaning'inia, kivuli kimekata njia. Fanya hivyo. Inama, pita mwenyewe toka nyuma mpaka mbele. Mimi nilikuta ndoo nyekundu.

Akigoma kusogea usimkunje mkia, tembea tu pembeni yake toka kichwani kuelekea mkiani, ukishapita bega atasogea mbele mwenyewe. Wengi hawaamini mpaka wajaribu.

Chini mwaga zege la kukwaruzwa, chora miraba ya kama sentimita 20 likiwa bado bichi, usikubali fundi akalilainisha kama sebule. Kama hela haitoshi shindilia moramu na mawe madogo, mradi maji yasisimame.

Siku ya kuchukua mzigo kwa fundi usiangalie rangi. Ning'inia kwenye geti la kichwa likiwa limefungwa, mwambie na kijana mwingine aje mning'inie wote. Funga na ufungue kila komeo kwa mkono mmoja, maana siku ya kazi ule mwingine utakuwa na kamba. Pitisha kiganja ndani kote, ukikwaruzwa wewe ng'ombe atachanika. Na lipa nusu, nusu nyingine mwambie siku ng'ombe akishapita, atalalamika ila atakuja mwenyewe kuona.

Halafu wiki ya kwanza usimchome yeyote sindano humo. Mageti yote mawili wazi, pumba na chumvi mwisho wa njia, wapite wale watoke. Wangu siku ya nne walikuwa wanapanga foleni, yule mtamba aliyegeuka akiwa wa kwanza.